Dakika Tatu Kabla ya Hodi

Mvua ya Kericho ina miadi yake. Siku nyingi za mwaka asubuhi huwa ya jua, adhuhuri mawingu huanza kujikusanya juu ya mashamba ya chai, na ikifika saa tisa au saa kumi mabati ya mji mzima hunguruma. Wakati mwingine huja na mawe, kwa kuwa ukanda huu wa Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Mwenye duka huinua sauti. Mwalimu huacha kufundisha akawaambia watoto wasome kimya kimya. Na katika chumba kidogo cha ushauri nasaha, pale mama mchuma chai alipofika hatimaye kwenye sentensi aliyoikwepa kwa miezi minne, mazungumzo hukatika. Hakuna amsikiaye mwenzake. Watu wawili hubaki wamekaa, meza katikati yao, mpaka mvua ipungue.

Nimeziwaza sana dakika hizo. Mshauri hufanya nini nazo? Anaweza kushika simu. Anaweza kufungua faili na kuandika ripoti ya mteja aliyetangulia. Anaweza pia kutulia tu, nyayo zimekanyaga sakafu, pumzi ikiingia na kutoka taratibu, uso wake umemwelekea yule mama bila kumkodolea. Mama ataiona tofauti hata kama hataisema. Mvua ikikatika, katika hali mbili za kwanza atasema, "Basi, tuachane na hayo." Katika hali ya tatu huenda akaimalizia sentensi yake.

Kiswahili kina neno zuri kwa ajili ya utulivu wa namna hiyo: taamuli. Kutaamali ni kulitazama jambo kwa makini bila kulirukia. Vijana wa mjini husema meditesheni, na wengi wetu tukilisikia neno hilo tunawaona watalii wamekunja miguu ufukweni. Makala haya hayahusu mambo hayo. Yanahusu namna taamuli inavyoweza kuisaidia tiba ya mazungumzo, kwa anayetibiwa na kwa anayetibu, katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Naamini tumeviacha vitu hivi viwili vitengane bure, na watu wetu wanaumia kwa sababu hiyo.

Wanaoumia si wachache. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa mashamba ya chai walivamiwa ndani ya makazi yao kwa kuwa walionekana ni watu wa kuja. Waathiriwa 218 waliishtaki kampuni ya Unilever mjini London, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikakataa kesi hiyo isikilizwe huko. Oktoba 2018 basi la usiku lilipinduka Fort Ternan na kuua zaidi ya watu 50. Tarehe 30 Juni 2023 lori lilitoka barabarani kwenye makutano ya Londiani likawaparamia wachuuzi, abiria na waendesha bodaboda, na hapo pia wakafa zaidi ya 50. Miongoni mwa waliookoa majeruhi walikuwamo wanavijiji wa kawaida, nao walirudi nyumbani kulala na walichokiona.

Halafu kuna jeraha lililokaa kimya kuliko yote. Februari 2023, zaidi ya wanawake 70 waliofanya kazi katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay waliliambia shirika la BBC kwamba wasimamizi wao waliwanyanyasa kingono. Ngono ilikuwa bei ya kupata kibarua, au bei ya kupewa kazi nyepesi. Miezi michache baadaye, Mei, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho na watu waliokuwa wakizitazama zikiwapokonya hata hicho kibarua. Mwanamke wa nchi ya chai alikuwa kati ya msimamizi na mashine.

Mtazame mchumaji akiwa kazini. Aproni ya nailoni kiunoni, kapu mgongoni, umande wa asubuhi mpaka mapajani. Analipwa kwa kilo. Vidole vyake vinajua kuvunja majani mawili na chipukizi bila kuamrishwa, na hapo ndipo penye taabu ambayo mgeni haioni. Mgeni hufika, akaliona zulia la kijani limetanda mpaka upeo wa macho, akasema kazi hii yenyewe ni utulivu. Sivyo. Mikono ya mchumaji mzoefu haihitaji akili, kwa hiyo akili hubaki peke yake, saa nane, pamoja na chochote kilichomo ndani yake. Kama ndani yake mna yule msimamizi aliyemnyanyasa, basi yumo kwenye kila safu. Wataalamu wa sonona wanaeleza kwamba kinachoirudisha huzuni kubwa mara nyingi ni huku kulicheua jambo lile lile, kama ng'ombe acheuavyo majani, bila kulimeza wala kulitema. Shamba la chai linampa mtu nafasi ya kucheua kutwa nzima.

Tiba ya mazungumzo hutafuta kulitoa jambo hilo nje, kulipa jina, kulipanga, kulitenga na aibu. Lakini ina matatizo mawili ambayo kila mshauri huku anayajua. La kwanza ni kwamba mteja akikaribia penyewe mwili humtangulia: moyo hudunda, mikono hufa ganzi, koo hukauka, maneno hukimbia. La pili ni siku sita. Mtu hukutana na mshauri saa moja, kisha nauli, zamu na watoto humweka mbali naye wiki nzima, kama si mwezi. Taamuli huingia katika mianya hiyo miwili. Pumzi inayotoka polepole kuliko ilivyoingia hupunguza kasi ya moyo, kwa kupitia mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Hilo linampa mteja nafasi ya kusimama ukingoni mwa kumbukumbu yake bila kutumbukia. Na katika zile siku sita anakuwa na kitu cha kufanya mwenyewe kitandani saa nane za usiku, kisichomdai nauli.

Kisayansi jambo hili lina historia fupi inayoeleweka. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika chuo cha udaktari cha Massachusetts nchini Marekani, alichukua mazoezi ya watawa wa Kibudha, akayavua lugha ya dini, akawafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu. Baadaye Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliyaunganisha mazoezi hayo na tiba ya kurekebisha fikra, wakawalenga watu ambao sonona huwarudia kila wanapopona. Tangu 2004 miongozo ya tiba ya Uingereza imekuwa ikiipendekeza njia hiyo kwa watu wa aina hiyo. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa watu 424 waliofuatiliwa miezi 24: waliofunzwa taamuli na kusaidiwa kupunguza dawa, asilimia 44 walirudiwa na ugonjwa, waliobaki kwenye dawa, asilimia 47. Kwa maneno mengine, hakukuwa na tofauti kubwa. Mwenye kutumia dawa asiache kwa kusoma gazeti. Azungumze na daktari wake.

Kwetu Kenya kuna ushahidi ulio karibu zaidi, nao ndio unaonipa moyo. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Nairobi kwa wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Waliowahudumia walikuwa wahudumu wa afya ya jamii, watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Hawakuwa madaktari wa akili. Mikutano ilikuwa 5, mtu mmoja na mhudumu wake. Na somo la kwanza kabisa, kabla ya kufundishwa kutatua matatizo, kabla ya kurudia shughuli zilizoachwa, kabla ya kutafuta watu wa kumshika mkono, lilikuwa kupumua taratibu. Dhiki ya wanawake hao ilipungua kuliko ya wale waliopewa huduma ya kawaida. Pumzi ilikuwa mlango, na mazungumzo yakaingilia hapo. Kericho na Bomet zina wahudumu wa afya ya jamii vijijini. Mafunzo hayo yangewafikia bila kujenga jengo hata moja.

Hapa lazima niseme jambo ambalo watetezi wengi wa taamuli hulipita haraka. Kumwambia mwanamke aliyebakwa afumbe macho na "aingie ndani yake" kunaweza kuwa ukatili wa pili. Ndani yake ndiko aliko yule mtu. Mtu aliyejeruhiwa akifumba macho katika chumba kilichofungwa, kumbukumbu inaweza kumrukia kwa nguvu zote, akatoka akiwa na hali mbaya kuliko alivyoingia, na asirudi tena. Mshauri asiyejua hili aache kabisa kufundisha taamuli. Anayejua atamwacha mteja achague kiti kilicho karibu na mlango. Macho yatabaki wazi. Zoezi litakuwa la dakika 2, halitafika 20. Badala ya pumzi, ambayo kwa aliyewahi kukabwa koo si rafiki, atampa kitu cha nje: miguu sakafuni, joto la kikombe, sauti ya ndege.

Na mchumaji anacho kitu cha nje tayari. Anaweza kuanza siku na mashina 10 ya kwanza. Mashina 10 tu, kabla mizani haijaanza kumtisha. Kwa kila shina ausikie umande kwenye vidole, asikie lile jani changa linapovunjika, alitazame chipukizi kabla ya kulirusha kapuni. Akili itaondoka kufikia shina la tatu. Hilo si kosa, ndiyo tabia ya akili. Airudishe, kama yeye mwenyewe anavyorudishwa kwenye safu zile zile kila baada ya wiki moja au mbili kwa sababu chai imechipua tena. Hakuna msimamizi atakayejua anafanya nini. Wiki ifuatayo, mbele ya mshauri, ataweza kusimulia kilichomjia kwenye shina la tatu, na hapo mazungumzo yana pa kuanzia.

Tujihadhari pia na pupa ya kuigeuza taamuli somo la wote. Uingereza walifanya jaribio la kuifundisha shuleni, lenye wanafunzi zaidi ya 8,000 katika shule 85, na matokeo yaliyotolewa 2022 yalionyesha kwamba waliofundishwa hawakupata nafuu kuliko wenzao wasiofundishwa. Tusiipeleke uwanjani asubuhi kwa kipaza sauti. Ni kitu cha mtu na mtu anayemjali.

Nimezungumza habari za mteja, na makala mengi huishia hapo. Lakini ninayemwonea huruma zaidi ni mshauri. Katika kaunti zetu mshauri mmoja anaweza kusikiliza watu 8 kwa siku: mjane wa ajali, kijana wa pombe, msichana wa kidato cha pili ambaye mimba yake haina wa kuitaja, mzee aliyeuza shamba. Mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, aliyejaribu kujiua alikuwa pia mhalifu mbele ya sheria, na mshauri alibeba hofu hiyo juu ya hofu nyingine zote. Saa kumi na moja anafunga mlango, anapanda matatu ya Litein au Sotik, na anaingia nyumbani mwake akiwa na watu 8 kifuani. Baada ya mwaka mmoja anaanza kutazama saa mteja akilia. Hajawa mtu mbaya. Amejaa.

Mwaka 2007 nchini Ujerumani, Ludwig Grepmair na wenzake walichapisha utafiti ambao ningependa kila mkuu wa hospitali ausome. Walichukua wanatiba 18 waliokuwa bado mafunzoni, wenye wagonjwa 124 waliolazwa. Kwa wiki 9 nusu ya wanatiba walifanya taamuli ya Zen kabla ya kuanza kazi. Nusu nyingine hawakufanya. Wagonjwa hawakuambiwa nani anafanya na nani hafanyi. Mwishoni, wagonjwa wa waliotulia kwanza walikuwa wamepata nafuu zaidi, na walisema wameielewa zaidi hali yao. Wagonjwa wenyewe hawakufundishwa chochote! Utafiti huo ni mdogo, na tafiti nyingine za aina hiyo hazijakubaliana nao zote. Hata hivyo unagusa kitu tunachokijua bila utafiti: mtoto hulala upesi mikononi mwa mtu aliyetulia. Freud mwenyewe mwaka 1912 aliwashauri madaktari wenzake wasikilize bila kuking'ang'ania chochote, usikivu wao ukienea sawa juu ya kila linalosemwa. Hakuwafundisha wafanyeje ili waweze. Taamuli ni jibu mojawapo.

Dakika 3 zatosha kuanzia. Mteja mmoja ametoka, mwingine hajabisha hodi. Mshauri akae. Asikie mabega yake yalivyopanda. Ajiulize alichobakishiwa na aliyetoka, hasira au huzuni au usingizi, akitaje kwa jina moyoni. Pumzi kadhaa ndefu. Kisha aitikie hodi.

Najua pingamizi litakalotoka kwenye makanisa yetu, na silidharau, kwa sababu huku watu humwendea mchungaji kabla ya kwenda kokote. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, ambayo chimbuko lake ni zahanati ya wamisionari ya mwaka 1937, ina kaulimbiu isemayo kwamba wao hutibu na Yesu huponya. Imani na tiba huku havijawahi kukaa nyumba mbali. Muumini anayeogopa kwamba taamuli ni ibada ya kigeni afungue Mwanzo sura ya 24, amwone Isaka akitoka kwenda kondeni jioni kutafakari. Wazee wa Kipsigis walimwelekea Mungu wao, Asis, asubuhi jua likichomoza, na mahali pao pa ibada paliitwa kapkoros. Leo Kapkoros ni jina la kiwanda cha chai Bomet, na maelfu ya wakulima hulitamka bila kukumbuka kwamba lilikuwa jina la mahali pa kusali.

Na tulikuwa na watu wa kunyamaza kwa maisha yao yote. Mwaka 1956 watawa wa Trappist kutoka Uholanzi walianzisha monasteri ya Our Lady of Victoria huko Lumbwa, ambayo sasa ni Kipkelion. Waliamka kabla ya mapambazuko, wakasali, wakalima, wakafuga, wakazungumza pale tu ilipohitajika. Vita vya uchaguzi vilipowaka mapema 2008, waliokimbia nyumba zao walikimbilia kwa hao watawa, nao wakafungua lango. Utulivu wa nusu karne haukuwafanya wajifungie. Ulikuwa umewaandaa kwa siku ile. Haukuwakinga pia. Eneo lile halikukalika tena, na mwaka huo huo jumuiya ikahamia Kijonjo, Uganda. Huwa nalifikiria lango lile kila ninaposikia taamuli ikiitwa ubinafsi.

Ndiyo maana sina subira na matumizi mengine ya taamuli ambayo yameanza kubisha hodi kwenye maeneo ya kazi. Kampuni huleta mwalimu wa kupumua, wafanyakazi wanapewa saa moja ya utulivu, picha zinapigwa, na mizani inabaki ile ile, malipo ya kilo yale yale, msimamizi yule yule. Mwanamke anayeombwa ngono ili apate kibarua hahitaji kufundishwa kuvumilia. Anahitaji mtu huyo aondolewe na ashtakiwe. Taamuli inayomfundisha mtu kunyamazia dhuluma ni kitambaa cha kumziba mdomo, hata kikiwa laini. Dalili ya taamuli njema ni hii: mtu akitoka kwayo anasema zaidi. Yule mama wa chumba cha mabati akiweza kupumua, ataweza kuandikisha taarifa polisi, kutaja jina, kusimama mbele ya hakimu bila koo kukauka. Hiyo ndiyo kazi ninayoitakia.

Kwa serikali za kaunti za Kericho na Bomet ombi langu ni dogo. Wapeni washauri wenu nusu saa ya siku isiyo na mteja, na mtu mzoefu wa kuzungumza naye mara moja kwa mwezi. Wafundisheni wahudumu wa afya ya jamii ile mikutano mitano iliyojaribiwa Nairobi. Kwa kampuni za chai: chumba cha ushauri kiwe mbali na ofisi ya msimamizi, na ufunguo wake usiwe mikononi mwake.

Kwako unayesoma haya ukiwa na jambo ambalo hujalimaliza kulisema, simu ya ushauri ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199, na ya waliotendewa ukatili wa kijinsia ni 1195. Zote mbili hupigwa bila malipo.